Mtoto wa Zoezi

Kabla sijaanza niseme kabisa kwamba serikali yetu naipenda. Naipenda mbele za watu, na naipenda hata nikiwa peke yangu jikoni, maana siku hizi jikoni nako huwezi kujua. Nchi yenyewe siitaji. Ukiona inafanana na ya kwenu, hayo ni macho yako, yafute utazame upya. Mie naitwa Bi Kidawa, nauza vitumbua mlangoni kwangu, na haya yote nimeyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Chande, fundi baiskeli. Mkewe, Mungu amrehemu, alifariki binti yao akiwa hajaanza hata kutamka maneno sawasawa. Binti anaitwa Sikudhani. Tangu hapo Chande akawa ndiye baba na ndiye mama. Alfajiri utamsikia anakoroga uji huku anaimba, na sauti yake mbaya, lakini mtoto anaitikia. Mtoto akishikwa na homa, Chande anambeba mgongoni kwa kanga ya marehemu, mwanaume mzima mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, anazunguka naye uani mpaka alale. Sisi wanawake wa mtaani mwanzo tulicheka. Baadaye tukaacha kucheka, tukawa tunawaita waume zetu waje dirishani watazame.

Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni kusuka. Nywele za Sikudhani nilikuwa nazisuka mie kila Jumamosi, mpaka viungo vya vidole vikaanza kuvimba na kunikatalia. Mtoto akasema, "Bi Kidawa, pumzika wewe. Baba atanisuka." Chande akajaribu. Sipendi kumsema mtu, lakini mtoto alikwenda shule kichwa kama bustani iliyofukuliwa na kuku. Wenzake walimcheka siku nzima. Aliporudi hakulia, alimwambia tu baba yake, "Ulijitahidi, baba." Chande alisema angetukanwa isingemuuma vile.

Sasa wakati huohuo serikali ilikuwa imezindua Mpango wa Taifa wa Kumnoa Baba. Inasemekana Waziri wetu wa Ubaba na Stadi za Maisha, Mheshimiwa Kubingwa, alisafiri nchi za watu akaona wanaume wanasukuma vigari vya watoto barabarani, akarudi na huzuni kubwa. Yeye mwenyewe ana watoto wa kutosha, tena katika kila mkoa, na ana katibu maalumu wa kumkumbusha majina yao. Akaagiza Chuo cha Akina Baba kijengwe, na redio ikawa inatangaza kutwa: "Baba, unajua? Kama hujui, njoo. Mafunzo ni bure na kutojua si aibu."

Nikamwambia Chande, "Mdogo wangu, serikali ikikwambia kitu ni bure, kaa kwanza."

"Dada Kidawa," akanijibu, "kuuliza si ujinga."

Msemo huo wakati ule ulikuwa bado unaruhusiwa.

*

Redio ilisema kila baba aende na shahidi wa mtaa, mtu wa kueleza anavyoishi na mtoto wake. Nikajifunga kanga nikaenda naye. Tukapokewa na Mkuu wa Chuo mwenyewe, Bwana Katani, kijana msafi, tai imenyooka, ana shahada ya Ubaba aliyoisomea ng'ambo. Hajaoa, hana mtoto, na nilielezwa kwamba hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi, maana mwenye mtoto huwa na maoni.

"Tatizo lako nini, bwana?"

"Mkuu, nina binti. Naomba nifundishwe kusuka nywele."

"Kwa hiyo hujui."

"Kusuka sijui."

"Sijakuuliza kusuka. Nimekuuliza kama hujui."

Chande akanitazama, mie nikatazama dari. "Hilo moja silijui, mkuu," akasema. "Mengine naona najua."

"Wote wasiojua husema hivyohivyo." Bwana Katani akavua miwani. "Na huyo mtoto jioni hii atarudi kwa nani?"

"Kwangu."

"Bi mkubwa," akaniambia mie, "umesikia? Kila jioni mtoto wa taifa hili anarudi mikononi mwa mtu ambaye kwa kinywa chake amekiri hajui. Na ninyi majirani mnalala."

"Ndiyo, tunalala," nikasema. Ningesema nini?

"Lakini mkuu," Chande akasema, "mie ndiye niliyekuja mwenyewe. Redio imesema kutojua si aibu."

"Si aibu hata kidogo," akasema Bwana Katani kwa upole. "Ni hatari."

Kesho yake gari likaja mtaani. Gari zuri, limechorwa vipepeo, lina kipaza sauti kinachoimba nyimbo za chekechea. Likapita kwanza kwa Msabaha, yule wa nyumba ya kona, ambaye akirudi kutoka kilabuni watoto wake wanaruka dirisha la nyuma. Wakamuuliza kwa heshima kama ana jambo lolote asilolijua kuhusu malezi. Msabaha, akiwa ameshika fremu ya mlango isimkimbie, akasema hana. Wakampongeza, wakampa kofia yenye maandishi "Baba Bora", wakasonga mbele mpaka kwa Chande.

Sikudhani alikuwa anaosha vikombe. Mama mmoja mwenye tabasamu la kazi akamshika mkono, akamwambia anaenda mahali salama mpaka baba ajue.

"Baba, nimekosa nini?" mtoto akauliza.

"Hujakosa kitu, mwanangu," Chande akamjibu. "Ni mie niliyeuliza."

Akapandishwa. Kipaza sauti kikaendelea na wimbo wa bata na vifaranga wake, na watoto wadogo wa mtaani wakalikimbilia gari wakishangilia. Mie nilikaa chini palepale uchochoroni.

Tulikwenda kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mtu mzuri, anatutatulia kesi za mbuzi na za maji machafu. Akatusikiliza mpaka mwisho, akajikuna, akasema, "Jamani, jambo likishaitwa la kitaifa, mie nakuwa kama ninyi tu. Mwenye nguvu mpishe." Tukampisha.

*

Tusikidharau Chuo, kwani kilifundisha. Chande aliingia asubuhi na kutoka jioni, na sisi mashahidi tuliwekewa benchi nyuma ya ukumbi, kazi yetu ikawa kupiga makofi pale Bwana Katani anapoinua kidole.

Somo la kwanza lilikuwa Kukumbatia. Msifikiri ni jambo la kukurupuka. Baba anasimama wima, visigino pamoja. Anamtazama mtoto. Anafungua mikono na kungoja ishara. Ishara ikitolewa anafumba mikono, anahesabu kimoyomoyo, anaachia, anarudi nyuma hatua moja na kutoa heshima. Mzee mmoja mwenye wajukuu aliuliza kama anaweza kukumbatia tu bila kungoja ishara. Akarudishwa darasa la awali.

Somo la pili lilikuwa Kumsikiliza Mtoto. Katika somo hilo Bwana Katani alizungumza tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Zikafuata stadi za maisha: kufunga tai, kumpokea kiongozi uwanja wa ndege, kutabasamu umeme ukikatika, na kushukuru. Kushukuru kulichukua muda mrefu kuliko yote kwa sababu kuna kushukuru kwa kukaa na kushukuru kwa kusimama. Kila Chande alipoulizia kusuka, aliambiwa somo hilo liko mbele ya kamati, na kamati iko semina.

Shida ikawa kwenye mazoezi. Serikali ilikuwa imeagiza wanasesere kutoka ng'ambo, wanalia na kukojoa kama watoto wa kweli. Wanasesere wakafika bandarini, na bandari, ambayo ni ya serikali hiyohiyo, ikawazuia mpaka serikali ilipe ushuru kwa serikali. Mawaziri wakaandikiana. Mpaka leo wanalia huko ndani ya makontena, watu wa bandari wanawasikia. Bwana Katani akafikiri, akakumbuka kuwa Chuo kimejaa watoto waliohifadhiwa kwa usalama wao, wanakula bure na hawana kazi. Akawateua kuwa watoto wa zoezi.

Sharti likawa moja, kwamba baba asifanye zoezi na mtoto wake mwenyewe, atakuwa na upendeleo.

Basi tukaona tuliyoyaona. Akina baba wamejipanga upande mmoja, watoto upande mwingine, na kila baba anakumbatia mtoto wa mwenzake kwa ishara. Wale wanaume walikakamaa, na watoto nao wakakakamaa zaidi, wengine wakalia. Wa Chande hakulia. Yule mtoto amebebwa tangu kuzaliwa, anaijua kazi. Mwanaume akimfikia hajui pa kuweka mikono, Sikudhani anamwambia kwa sauti ya chini, "Mkono huu weka huku. Haya, usinibane." Wanaume wakawa wanafaulu kwake. Wakamgombania. Siku nzima alikumbatiwa na kila mtu isipokuwa baba yake, na baba yake yuko ng'ambo ya ukumbi amemshika mtoto wa watu anamfuta kamasi taratibu, macho yako kwa binti yake.

Bwana Katani akainua kidole. Tukapiga makofi.

*

Chande alifaulu akawa wa kwanza. Mie sikushangaa. Siku ya mahafali tulivaa vizuri, nikakaanga vitumbua vya sukari nyingi, vile anavyopenda Sikudhani, nikavifunga kwenye kitambaa. Mtaani tulishafagia hata uchochoro.

Wakaitwa akina baba mmojammoja, kila mmoja anakabidhiwa cheti na mtoto wake. Wengine walisahau zile hatua za kukumbatia, wakawarukia watoto wao hovyo kabisa, na Bwana Katani akawa anageuza uso kwa aibu. Likaitwa jina la Chande. Akapewa cheti. Akangoja. Akaitwa mwingine.

"Samahani, mkuu," Chande akasema. "Na mtoto?"

Bwana Katani akamshika bega akamsogeza pembeni, nami nikasogea kama naokota kitu. "Ndugu Chande," akasema, "hongera sana. Mtoto wako amepanda cheo."

"Cheo gani?"

"Chuo hiki hakijapata mtoto wa zoezi kama yule. Habanwi akalia, hakimbii, anawaelekeza mpaka wakufunzi. Tumemwombea kwa Mheshimiwa Waziri, naye ameridhia. Kuanzia leo Sikudhani ni Mtoto wa Zoezi wa Taifa."

"Mkuu, yule amekuwa hivyo kwa sababu nimemlea mie."

"Na taifa linakushukuru." Akatoa heshima, hatua moja nyuma, kama ilivyofundishwa.

"Nitampata lini?"

"Wanasesere wakitoka bandarini."

"Basi niwe namtembelea."

"Wageni hawaruhusiwi. Wanaoingia ni wanafunzi tu, na wewe si mwanafunzi tena. Wewe sasa unajua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, cheti kwapani, vitumbua mkononi mwangu vimepoa. Tulipofika uani Chande akakaa kwenye kigoda cha kufanyia kazi, akashika spoku ya baiskeli, akaikunja na kuikunjua mpaka ikakatika. Nikamwambia kula basi hata kimoja. Akasema, "Dada, ningenyamaza tangu mwanzo ningekuwa naye. Msabaha anao wote."

*

Juma lililofuata alinigongea mlango amevaa shati safi. "Twende Chuoni," akasema. "Nimesahau yote."

"Umesahau nini?"

"Yote. Kukumbatia, kusikiliza, kushukuru. Sikumbuki kitu."

Nikamtazama usoni nikaelewa. Nikavaa viatu.

Nilidhani Bwana Katani atatufukuza. Kumbe alifurahi mno, akatuagizia chai. Waziri alikuwa ametaka wanafunzi wengi kuliko muhula uliopita, na wanaume wengi mjini walishajanjaruka, ukiwauliza kama wanajua wanaitikia wote ndiyo kabla hujamaliza. Mtu anayekuja mwenyewe kusema hajui akawa lulu. Chande akasajiliwa darasa la marudio. Akauliza kwa unyenyekevu kuhusu lile sharti la upendeleo, kama litamzuia kufanya zoezi na mtoto fulani.

"Mtoto yupi?"

"Sikudhani."

"Yule ni wa taifa," akasema Bwana Katani. "Si wako. Upendeleo utoke wapi?"

Darasa la marudio lilikuwa na zoezi kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza mtoto alipomwona baba yake anakuja na wanafunzi wengine, alisimama kwenye kiti. Chande akafunga visigino, akangoja ishara mikono imefunguka. Ishara ikatolewa. Mtoto alizama mle ndani, hata kiatu kimoja kikamtoka. Hakuna aliyehesabu kitu.

Sasa kulikuwa na utaratibu mpya. Zoezi likiisha, Bwana Katani anamwuliza mtoto hadharani, "Mtoto wa zoezi, baba huyu anajua?" Mtoto akisema anajua, baba anafaulu na kwenda zake. Bwana Katani akauliza. Sikudhani akajaza kifua akasema, "Anajua sana. Anajua kuliko wote."

Chande alijishika kichwa akasema ana homa, tena ya kuambukiza, akaomba zoezi lake lihesabiwe kuwa halikufanyika. Wakamkubalia kwa kuogopa homa. Lakini alipoinama kumvisha mtoto kiatu alimnong'oneza jambo. Mtoto akakunja uso. Alhamisi iliyofuata akaulizwa tena.

"Hajui," akasema Sikudhani, akitazama sakafu.

"Hajui nini?"

"Hajui kitu. Arudi tena wiki ijayo."

Bwana Katani akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sisi huku nyuma tulitamani kupiga makofi, ila kidole hakikuinuliwa.

Basi tukaendelea hivyo. Alhamisi kwa Alhamisi Chande anafeli. Mtaa mzima ukajua, kila mtu akashika siri yake. Akitoka Chuoni tunamuuliza, "Vipi?" Anasema, "Nimefeli," na sisi tunasema Alhamdulillahi. Siku aliyofeli vibaya sana, mpaka akasemwa mbele ya darasa, tulimpikia pilau. Hata Msabaha alikuja na kofia yake akala sahani mbili.

Na kamati ya kusuka ikiwa bado semina, mtoto akamfundisha baba yake mwenyewe, palepale kwenye zoezi. Alikaa katikati ya magoti ya Chande, akamshika vidole vile vinene vya kukazia nati akaviongoza. "Gawa hapa, baba. Usivute. Chukua kidogo cha pembeni, pitisha chini." Wiki za kwanza ilikuwa vurugu, lakini mtu anayenyoosha rimu kwa jicho hashindwi na nywele. Ikafika Alhamisi moja akamsuka twende kilioni, mistari imenyooka toka kwenye paji mpaka kisogoni, imelingana, na mie niliyesuka vichwa vya mtaa mzima nikasema moyoni huyu amenipita. Sikudhani akapapasa kichwa chake polepole, mbele na nyuma. Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka.

"Mtoto wa zoezi, baba huyu anajua?"

Akashusha mkono kutoka kichwani. "Hajui," akasema. "Tazameni mistari ilivyopinda."

Bwana Katani akavaa miwani, akatazama mistari, akasema ni kweli imepinda. Machozi yalinitoka nikajifanya nimeingiwa na mdudu.

*

Nasema serikali yetu naipenda, lakini haitulii. Ilipokaribia sikukuu ya taifa, Mheshimiwa Kubingwa akaletewa habari kwamba yupo mwananchi mmoja anafeli mfululizo. Akakasirika, si kwa mwananchi, bali kwa kufeli kwenyewe. Alikuwa anatarajia kwenda mkutano ng'ambo kueleza mafanikio ya Mpango, na kufeli kungemharibia hotuba. Akafuta kufeli. Redio ikatangaza kwamba kuanzia siku ya sikukuu hakuna baba atakayefeli katika nchi hii, awe amesoma au hajasoma, awe hai au marehemu, na kwamba Mheshimiwa atafika Chuoni mwenyewe kumpongeza yule ndugu aliyesumbuka kuliko wote.

Mtaani tulikaa kama wenye msiba. Mmoja akasema tuandike barua. Mwingine akasema tuzungumze na mke wa Waziri, akaulizwa yupi. Nikamwambia Chande, "Mwambie mtoto aseme hajui kwa nguvu, labda Mheshimiwa atasikia." Akaniambia, "Dada, wakishaamua najua, hata nikisahau jina langu nitakuwa najua."

Siku ilipofika ukumbi ulipambwa mpaka vyooni. Watoto wa zoezi walikalishwa mbele, wamevalishwa fulana zenye picha ya Waziri. Sisi mashahidi tukawekwa nyuma ya jukwaa tuonekane kwenye picha, na safari hii tukaambiwa kidole kitainuliwa mara moja tu, kisha tupige mfululizo.

Mheshimiwa akapanda. "Ndugu wananchi," akasema, "ubaba ni nguzo. Na nguzo ni nini? Nguzo ni kitu kinachosimama. Mimi mwenyewe ni baba. Nina watoto..." Akamgeukia katibu wake. Katibu akamnong'oneza. "Nina watoto wengi," akaendelea, "na wote ninawapenda kwa majina yao." Kidole kikainuliwa. Tukaanza kupiga makofi.

Chande akaitwa. Alitembea kama mtu anayepelekwa kuzikwa na anajua njia. Mheshimiwa akamvisha shada la maua, akamkabidhi cheti kikubwa kuliko cha mwanzo, akatangaza kwamba ndugu huyu amefuzu milele, hatakanyaga tena chuo hiki kama mwanafunzi, na ikibainika ameanza kusahau, atakumbushwa na polisi.

Chande akasema jambo, akiinamia sikio la Waziri. Sikulisikia, ila niliona mdomo ukisema "mtoto".

"Kama unataka mtoto," Mheshimiwa akajibu kwa kipaza sauti, akicheka, "oa." Ukumbi ukacheka.

Hapo Sikudhani akasimama kwenye kiti chake. "Huyu hajui," akasema.

Makofi yalikuwa mengi, hawakumsikia. Akapanda juu ya meza ya maua.

"Hajui kupika uji," akasema. "Hajui kuimba. Hajui kunifunika nikijifunua. Hajui kunibeba mgongoni nikiwa na homa, hajui kunizungusha uani mpaka nilale. Hajui kunisubiri getini mvua ikinyesha. Hajui kunisuka. Mrudisheni. Nawaambia huyu hajui."

Kila alichokitaja mie nilikiona kwa macho yangu, ukuta kwa ukuta, miaka yote ile.

Mheshimiwa akamtazama, akapendezwa. "Mtoto mwerevu," akasema. "Lakini mwanangu, hilo tumeshalifuta." Akamwambia Bwana Katani kwamba mtoto mwenye sauti kama ile anafaa kuwakaribisha wageni kwenye uwanja wa ndege.

Askari wawili wakamshika Chande kwa heshima zote, mmoja huku mwingine huku, wakamshusha jukwaani kumpeleka nje. Shada lilikuwa limempanda mpaka puani. Alikuwa anageuka nyuma, nao wanamgeuza mbele kwa upole. Sikudhani akarudia toka mwanzo, uji, kuimba, kufunika, sasa analia waziwazi, na yule mama mwenye tabasamu la kazi anajaribu kumshusha mezani. Mpaka geti la mbele likafungwa nilikuwa naisikia sauti yake ikisema baba hajui, baba hajui kitu. Na mie nilikuwa bado napiga makofi, vidole vyangu vibovu vinaniwaka moto, maana kidole kilikuwa kimeinuliwa na hakuna aliyetuambia tuache.